Shida Nyumbani, Msimu Chuoni: Ubaki, Urudi au Uhame?

Nilikuwa mwaka wa pili katika chuo kimoja cha kusini mwa Marekani, nikikimbia mbio za nyika na mita 5,000, kaka yangu aliponipigia simu kuniambia Mama amepooza upande wa kulia. Ilikuwa Januari. Nilimwendea kocha, naye kwa moyo safi akaniambia: nenda, nafasi yako ipo. Nikaenda, nikakaa nyumbani miezi saba. Niliporudi kuifuata ile nafasi nikaikuta ipo kweli, ila mimi sikuwa mwanafunzi tena machoni pa serikali ya Marekani. Rekodi yangu ya uanafunzi ilikuwa imefungwa, na saa ya kuhesabu misimu yangu ilikuwa imetembea siku zote nilizokuwa nikimgeuza Mama kitandani. Kocha hakunidanganya. Nilimwuliza mtu mmoja swali moja, kumbe maswali yalikuwa matatu na kila moja lina ofisi yake.

Siku hizi simu za aina hiyo hunijia mimi. Wanapiga vijana wa Uasin Gishu na Nandi waliokuja kukimbia, siku nyingine Mtanzania, siku nyingine mama wa Kikongo anayeishi Ohio na mwanawe anacheza mpira katika chuo cha mbali. Wote huanza na swali lile lile: NCAA, chama kikuu cha michezo ya vyuo vya Marekani, itaruhusu? Miaka ya nyuma hilo ndilo lilikuwa swali la kuuliza. Leo, kwa mwanafunzi mwenye alama za kutosha, kanuni ya michezo imekuwa mzigo mwepesi kuliko yote. Mizigo mizito ni viza na ufadhili, na hiyo ndiyo mizani nitakayotumia hapa kulinganisha njia zilizopo: kubaki, kurudi nyumbani kwa muda, kuhamia chuo kingine, au kuingia ligi ya vyuo vya aina nyingine.

Kuhama: ushauri wa zamani na hali ya sasa

Naanza na kanuni ya kuhama kwa sababu ndiyo inayoongoza kwa ushauri uliopitwa na wakati. Aliyecheza kabla ya 2018 atakwambia mambo mawili: lazima chuo chako kikuachilie, na ukihama utakaa nje mwaka mzima bila kushindana. Wakati wake yalikuwa kweli. Mwaka wa kukaa nje uliwabana hasa wachezaji wa futiboli ya Kimarekani, basketiboli ya wanaume na ya wanawake, besiboli, na magongo ya barafu ya wanaume. Mkimbiaji alikuwa na upenyo: aliweza kuhama mara moja bila kukaa nje, almradi chuo cha kwanza kikubali. Samuel Chelanga alitoka Fairleigh Dickinson akaenda Liberty, na akiwa huko ndipo mwaka 2010 alipokimbia mita 10,000 kwa 27:08.49, muda uliobaki rekodi ya vyuo kwa zaidi ya miaka 10.

Aliyebanwa alikuwa na mlango mmoja, kuomba msamaha wa kanuni, yaani isitumike kwake, kwa sababu ya matatizo ya familia: mzazi anaumwa, na chuo kipya kiko karibu naye. Mwishoni mwa 2012 NCAA iliuwekea mlango huo kipimo. Chuo kipya kiwe ndani ya maili 100, yaani kilomita 160 hivi, kutoka anapoishi mgonjwa. Sasa chukua kipimo hicho ukiweke Iten. Afrika nzima haina chuo hata kimoja cha NCAA. Mtoto wa kwetu aliyetaka kuuguza mzazi wake hakuwahi kuwemo katika huruma ile, na sidhani kama aliyeiandika aliwahi kumfikiria. Kisha kuanzia mwaka wa masomo wa 2015/16 hata huruma yenyewe ikapunguzwa: anayehama kwa ajili ya mgonjwa hakuruhusiwa tena kucheza papo hapo, badala yake alipewa mwaka mmoja wa ziada mwishoni.

Mambo yalianza kulegea Oktoba 2018, lilipofunguliwa lango la uhamisho, yaani orodha ya mtandaoni ya wachezaji wanaotaka kuhama. Tangu hapo mwanafunzi haombi tena ruhusa ya kuzungumza na vyuo vingine. Anatoa taarifa tu. Mwaka 2021 wachezaji wa michezo yote wakaruhusiwa kuhama mara moja na kucheza bila kusubiri. Aliyehama mara ya pili bado alihitaji msamaha, na Januari 2023 masharti ya msamaha huo yakakazwa. Hapo ndipo kesi ya Tez Walker, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, ilipowauma watu wengi. Kijana huyo alihamia Chuo Kikuu cha North Carolina kutoka Kent State ili bibi yake aliyemlea aweze kumwona akicheza. Chuo chake cha kwanza kabisa kilikuwa kimefuta msimu wa 2020 kwa ajili ya Korona, hivyo hakuwahi kukichezea hata mechi moja. Septemba 2023 alinyimwa. Oktoba, baada ya kelele nyingi na maelezo mapya, akaruhusiwa, msimu ukiwa umeshaanza.

Desemba mwaka huo huo majimbo saba yaliishtaki NCAA, na Jaji John Preston Bailey wa mahakama ya shirikisho huko West Virginia akaizuia isitumie kanuni ya kukaa nje. Aprili 2024 Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu kabisa kati ya tatu za NCAA, iliandika kanuni upya: unaweza kuhama zaidi ya mara moja na ukacheza papo hapo, mradi masomo yako yako sawa. Mwezi uliofuata Wizara ya Sheria na majimbo yaliyoshtaki wakafikia makubaliano na NCAA ya kulimaliza jambo hilo.

Kwa hiyo leo, katika Divisheni ya Kwanza, humthibitishii mtu kwamba mama yako anaumwa ndipo uhame na ukimbie. Unatakiwa uondoke ukiwa na alama nzuri na bila adhabu, uwe unasonga mbele kwenye digrii yako, na jina lako liingie kwenye lango wakati dirisha la mchezo wako, yaani kipindi kilichopangwa cha kuhama, liko wazi. Madirisha hayo yamebadilishwa mara kadhaa tangu yalipowekwa mwaka 2022, kwa hiyo ulizia ya mwaka huu, si yale aliyotumia rafiki yako. Na usitegemee ugonjwa wa mzazi ukufungulie dirisha lililofungwa.

Kubaki: njia inayodharauliwa

Wengi wetu tunaona kubaki ni kuwatupa wa nyumbani. Mimi niliona hivyo, nikakata tiketi kabla sijauliza lolote. Laiti ningejua kwamba kubaki hakumaanishi kutokwenda kabisa.

Kanuni za NCAA zinaruhusu chuo kumlipia mchezaji nauli mtu wa familia yake anapougua sana au kufariki, na Divisheni ya Kwanza imekuwa na mfuko wa kuwasaidia wachezaji wenye shida za ghafla. Hailazimishwi, inaruhusiwa. Maana yake ni kwamba asiyeomba hapati. Nimewajua vijana waliokopa dola 1,800 za tiketi huku timu yao ina bajeti ya jambo hilo hilo, kwa sababu waliona haya kumwambia kocha habari za nyumbani. Hata harambee ya kumchangia mchezaji au familia yake inaruhusiwa katika hali ngumu kupita kiasi, ila ofisi ya kanuni za michezo ya chuo ijue kabla michango haijaanza kukusanywa.

Ukienda wiki mbili au tatu ukarudi, hugusi viza wala ufadhili. Ikiwa ni mwisho wa muhula, waombe walimu wakuandikie alama ya kusubiri umalizie kazi baadaye, wengi hukubali wakionyeshwa barua ya hospitali. Kabla ya kupanda ndege hakikisha stempu ya viza yako ni hai, na fomu yako ya I-20, cheti cha uanafunzi unachopewa na chuo kwa ajili ya viza, ina sahihi ya safari isiyozidi miezi 12.

Kama shida ni pesa, mfano baba aliyekuwa akiongezea karo ameacha kazi au amelazwa, kuna ruhusa ambayo wengi hawaifahamu. Mwanafunzi wa viza ya F-1, ile ya kawaida ya wanafunzi wa kigeni, aliyemaliza mwaka mmoja wa masomo anaweza kuomba idhini ya kufanya kazi nje ya chuo kwa sababu ya ugumu wa kiuchumi uliotokea bila kutarajiwa. Kubadilika kwa hali ya anayekulipia, bili kubwa za matibabu na kuporomoka kwa sarafu ya nyumbani ni miongoni mwa sababu zinazotambuliwa. Ni saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Pima nguvu zako, maana mazoezi ya Divisheni ya Kwanza nayo yanafika saa 20 kwa wiki msimu ukiwa umekolea, na bado kuna krediti 12 za kusoma, kiwango cha chini cha mwanafunzi wa muda wote. Majibu pia huchukua muda, si msaada wa wiki ijayo.

Jambo moja zaidi, nalisema kwa uzito kwa sababu sisi hatupendi kulisema. Ugonjwa wa mzazi haukupi ruhusa ya kupunguza masomo chini ya krediti 12. Kanuni ya viza inaangalia afya yako wewe. Lakini huzuni ikikuangusha, usingizi ukikatika, daktari au mwanasaikolojia mwenye leseni akaandika barua, hapo ni afya yako. Mshauri wa wanafunzi wa kigeni anaweza kukuidhinishia kupunguza mzigo, hadi jumla ya miezi 12 katika ngazi moja ya masomo. Kwa kawaida hutashindana muhula huo kwa kuwa si mwanafunzi wa muda wote, ila utabaki halali nchini, na utapona.

Kurudi nyumbani kwa muda: hesabu ya miezi mitano

Hapa ndipo nilipoumia, nitakaa hapa kidogo.

Mwanafunzi wa F-1 anayekaa nje ya Marekani na nje ya masomo kwa zaidi ya miezi mitano hupoteza hadhi yake. Akitaka kurudi anaanza upya: I-20 mpya, ada ya dola 350 ya SEVIS (mfumo wa serikali wa rekodi za wanafunzi wa kigeni), na mara nyingi mahojiano mapya ya viza, kwa Mkenya pale Gigiri. Hata muda wa kustahili kufanya kazi ya mafunzo unaweza kuhesabiwa upya kuanzia mwanzo. Kwa Mrundi jambo hili ni zito zaidi: tangu tangazo la Juni 2025 viza za wanafunzi ni miongoni mwa zilizozuiwa kwa raia wa Burundi, na huenda kutoka kwake kukawa ni kutoka moja kwa moja. Orodha ya nchi hizo imekuwa ikibadilika, kwa hiyo raia wa nchi yoyote aulize siku ile ile anayofikiria kusafiri.

Sasa weka kalenda mbele yako. Ukiondoka Desemba baada ya mitihani, ukaruka muhula wa Januari na kurudi Agosti, hiyo ni miezi minane. Ukiondoka Mei, ukaruka muhula wa Agosti na kurudi Januari, ni minane tena. Kuruka muhula mmoja mzima kwa utaratibu kunakuvusha miezi mitano, na wengi hawalioni hilo mpaka wameshafika nyumbani.

Kuna namna mbili zinazokaa ndani ya miezi mitano. Ya kwanza ni likizo ya kiangazi. Katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ni miezi mitatu ambayo haikugharimu msimu, krediti wala hadhi, na kwa mgonjwa wa muda mrefu kama alivyokuwa Mama, miezi mitatu ya mkono wako inaweza kuleta mabadiliko makubwa. Kama hali inavumilika hadi Mei, vumilia. Ya pili ni kujiondoa katikati ya muhula. Ukijiondoa Oktoba kwa idhini ya mshauri wa wanafunzi wa kigeni, una siku 15 za kuondoka nchini, na ukirudi kwa muhula wa Januari bado uko ndani ya miezi mitano. Mshauri anaweza kuiomba rekodi yako irudishwe kuwa hai. Neno linalobeba yote hapo ni idhini. Ukiondoka kwanza ukaomba baadaye, rekodi hufungwa kwa kosa, na maji yakimwagika hayazoleki. Utapoteza krediti za muhula huo, na Divisheni ya Kwanza inataka uwe umefaulu angalau krediti 6 katika muhula uliotangulia ndipo ushindane. Msamaha wa hilo huombwa na chuo, si na wewe, kwa hiyo ofisi ya kanuni ijue mapema.

Saa ya misimu

Jambo ambalo hakuna aliyenieleza ni kwamba saa, yaani muda unaopewa kumaliza misimu yako ya kushindana, hazifanani. Linganisha:

| Ligi | Misimu | Saa | Ukiwa nyumbani |
|---|---|---|---|
| NCAA Divisheni ya Kwanza | 4 | Miaka 5 ya kalenda | Saa inaendelea |
| NCAA Divisheni ya Pili na ya Tatu | 4 | Mihula 10 ya masomo ya muda wote | Saa inasimama |
| NAIA (chama kingine cha vyuo, nje ya NCAA) | 4 | Mihula 10 | Saa inasimama |
| NJCAA (vyuo vya miaka miwili) | 2 | Huhesabiwa misimu tu | Msimu usioucheza hauliwi |

Ile ya Divisheni ya Kwanza ndiyo iliyotumika kwa miaka mingi, na siku hizi inajadiliwa upya. Thibitisha kabla hujapanga maisha juu yake. Saa hiyo pia huanza siku uliyojiandikisha kwa masomo ya muda wote katika chuo chochote duniani. Aliyesoma mwaka mmoja Moi au Dar es Salaam kabla ya kuja, mwaka huo umo ndani ya mitano.

Saa ya Divisheni ya Kwanza inaweza kuongezwa, na hapa ndipo familia bado inatajwa waziwazi kwenye kanuni. Ugonjwa wa kutishia maisha wa mtu wa familia ya karibu, au ufukara mkubwa uliotokana na tukio maalumu kama kifo au kuachishwa kazi kwa mtu unayemtegemea kisheria, ni sababu zinazokubalika. Kwa kawaida, hata hivyo, lazima uonyeshe umenyimwa misimu miwili kwa mambo yaliyo nje ya uwezo wako. Mmoja hautoshi, kwa kuwa miaka mitano kwa misimu minne tayari ina mmoja wa akiba.

Lile neno "kisheria" linawagusa wengi wetu. Kwetu bibi aliyekulea ni mama, na mama mdogo ni mama. Kwenye karatasi za Marekani wanataka kuona hati ya ulezi au uthibitisho kwamba ndiye aliyekulea. Kama hali yako ni hiyo, tafuta hati hizo ukiwa na nafasi, hata kabla shida haijaja.

Kuhama: familia iko wapi?

Jibu la kuhama linategemea swali hilo kuliko lolote.

Kama mzazi yuko Eldoret, Moshi au Bukavu, kuhama kutoka Alabama kwenda Texas hakukusogezi kwake. Nasema hivi kwa sababu nimewaona vijana wenye majonzi wakikimbilia lango la uhamisho kana kwamba shida ni chuo. Wakati mwingine kuna sababu ya kweli: shangazi yuko Dallas na utalala kwake bila kodi, au chuo kingine kinatoa ufadhili kamili wakati wako ni nusu na nyumbani hawawezi tena kujazia. Hizo ni sababu. Majonzi peke yake si sababu. Utayabeba hadi chuo kipya, na huko hutakuwa na mtu anayekufahamu.

Ukiwa na sababu, pima gharama zake. Ukishatoa taarifa ya kuhama, chuo chako cha sasa kinaruhusiwa kukata ufadhili wa michezo muhula unapoisha, hata kama hujapata pa kwenda. Nafasi nazo zimepungua: tangu makubaliano ya kesi ya House, iliyohusu malipo ya wachezaji, yalipoidhinishwa Juni 2025, vyuo vilivyojiunga nayo vina kikomo cha wakimbiaji 17 wa mbio za nyika na wanariadha 45 wa uwanjani. Zamani kocha angekuongeza kama mtu wa ishirini asiye na ufadhili, leo hana pa kukuweka. Halafu krediti. Divisheni ya Kwanza inataka uwe umemaliza asilimia 40 ya digrii unapoanza mwaka wa tatu, 60 wa nne, 80 wa tano. Chuo kipya kikizikataa krediti zako tano au sita zisihesabike kwenye digrii yao, unaweza kuwa huru kuhama na bado usiruhusiwe kukimbia. Omba tathmini ya krediti kwa maandishi kabla hujaweka sahihi popote.

Upande wa viza, kuhama ni rahisi kuliko kurudi nyumbani. Rekodi ya SEVIS inahamishwa na mshauri, unapewa I-20 ya chuo kipya, na stempu iliyo kwenye pasipoti inaendelea kufaa hata ikiwa na jina la chuo cha zamani, maadamu haijaisha muda na hujakaa nje zaidi ya miezi mitano. Agosti 2025 serikali ilipendekeza kanuni ambayo, pamoja na mambo mengine, ingemzuia mwanafunzi wa digrii ya kwanza kuhama ndani ya mwaka wake wa kwanza wa masomo. Aliye mwaka wa kwanza amwulize mshauri imefikia wapi.

Mambo yote hugeuka familia ikiwa Marekani. Yule mama wa Ohio ana uraia, na mwanawe vilevile. Kwao hakuna I-20 wala miezi mitano. Alipoanza matibabu ya figo, yenye safari tatu za hospitali kila wiki, swali lilikuwa gari na dereva, na hapo kuhama kulikuwa na maana kamili. Niliwashauri walinganishe vyuo kwa dakika za barabarani kwanza, ligi baadaye. Chuo cha jimbo kilicho nusu saa kutoka nyumbani, kwa karo ya mkazi na bila kodi ya bweni, kinaweza kuwa nafuu kuliko ufadhili wa nusu ulio mbali. Divisheni ya Tatu haitoi ufadhili wa michezo hata senti moja, lakini inatoa misaada ya mahitaji, na ofisi ya fedha ya chuo chochote ina mamlaka ya kupitia upya hesabu za familia ambayo kipato chake kimeshuka ghafla. Kijana alishuka ngazi ya mpira. Anamwendesha mama yake hospitali Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na Jumamosi anacheza mama akiwa jukwaani.

Kubadili ligi si kushindwa

Nilipofungiwa mlango, chuo cha miaka miwili ndicho kilichonipokea. Niliona aibu. Sikuwa nimefikiria kwamba Sally Kipyego alianzia South Plains, chuo cha miaka miwili kule Levelland, Texas, kabla ya kwenda Texas Tech na kushinda mataji tisa ya NCAA, kisha fedha ya mita 10,000 London 2012. Wesley Kiptoo naye alitoka Colby, Kansas, akaenda Iowa State akawa bingwa wa mita 5,000 za ukumbini mwaka 2021.

Kwa mtu mwenye shida ya familia isiyo na tarehe ya kuisha, NAIA na Divisheni ya Pili zina faida ambayo Divisheni ya Kwanza haina: saa inayosimama. Mzazi mwenye saratani au kiharusi hafuati kalenda ya chuo. Kama unaona utahitaji kwenda na kurudi zaidi ya mara moja, ligi inayokuhifadhia mihula yako ina thamani kuliko jina kubwa kifuani. Kikwazo ni kurudi Divisheni ya Kwanza baadaye: kule watahesabu kalenda tangu siku ya kwanza, na miaka uliyodhani umeihifadhi itakuwa imekwisha.

Nani achague nini

Msiba umetokea, mazishi ni wiki ijayo: baki mwanafunzi, omba nauli, nenda, rudi. Usihame, usijiondoe.

Mzazi amelazwa na unahitajika miezi miwili au mitatu: ngoja kiangazi ikiwezekana. Isipowezekana, jiondoe kwa idhini, hesabu miezi mitano kwenye kalenda ya ukutani na uweke alama siku ya mwisho.

Utahitajika mwaka mzima: kubali kwamba unaanza upya viza, na mwombe kocha barua ya kukupokea tena, iandikwe tarehe. Hapa mimi ningefikiria kurudi kupitia Divisheni ya Pili au NAIA. Wapo watakaonipinga, hasa aliyebakiza msimu mmoja tu Divisheni ya Kwanza, na huyo ana haki ya kuomba kuongezewa saa akifikisha misimu miwili aliyoipoteza.

Pesa za nyumbani zimekatika lakini hakuna mgonjwa: kazi ya ugumu wa kiuchumi kwanza, kuhama kwa ajili ya ufadhili mkubwa zaidi baadaye, na usitoe taarifa ya kuhama kabla hujajua dirisha linafunguka lini na muhula unaisha lini.

Familia iko Marekani na mgonjwa anahitaji mikono yako: hama.

Kwa njia yoyote utakayochukua, simu ya kwanza ni kwa mshauri wa wanafunzi wa kigeni, ya pili kwa ofisi ya kanuni za michezo, ya tatu kwa kocha. Mimi niliipiga ile ya tatu peke yake. Na mwambie aliye nyumbani aombe barua ya daktari mgonjwa akiwa bado wodini, yenye tarehe, mhuri na maelezo ya hali yake. NCAA inataka karatasi zilizoandikwa wakati jambo linatokea. Barua niliyoipata mimi iliandikwa miezi tisa baadaye, na daktari mgeni ambaye hakuwahi kumwona Mama.